Nyumba Moja, Wateja Wanne: Namna ya Kuzungumza na Mteja wa Nyumba na Viwanja Dar es Salaam

Tangazo la nyumba ya Goba hutoka kwenye simu ya dalali likiwa lilelile kwa watu thelathini: picha kumi na mbili, maneno "nyumba kali, wahi", na namba ya kupiga. Mmoja anapiga papo hapo: hati ipo? Bei? Twende saa ngapi? Wa pili anarudisha ujumbe wa sauti wa dakika mbili, nusu yake ni kusifia jiko. Wa tatu anaandika "asante, tutaangalia", halafu kimya cha wiki mbili. Wa nne anauliza kiwanja kina mita ngapi za mraba, kilipimwa lini, na kwa nini tangazo halina bei. Wote wanne wanaweza kuwa na fedha mkononi. Madalali wengi huwakimbilia wawili wa kwanza kwa sababu hao wana sauti, na huwaacha wawili wa mwisho wapoe.

Mgawanyo huu wa watu wanne una asili yake. Mwanasaikolojia Mmarekani William Marston alieleza mwaka 1928 mielekeo minne ya namna watu wanavyokabili mambo, na waliomfuata wakaigeuza kuwa mfumo unaoitwa DISC, ambao leo hufundishwa kwa wauzaji sehemu nyingi duniani. Kwa kazi ya hapa tuwaite kwa Kiswahili cha kazini: mwenye haraka, mchangamfu, mpole na mchunguzi. Wanasaikolojia wa sasa hawapendi sana visanduku vya namna hii. Wao hupima tabia kwa viwango, kwamba kila mtu ana kiasi fulani cha kila kitu. Wana haki. Kwa hiyo chukua aina hizi kama makisio ya asubuhi yanayoweza kubadilika jioni. Mtu huyohuyo anayenunua kiwanja cha kwanza kwa uchunguzi wa mwezi mzima anaweza kupanga fremu ya biashara Kariakoo kwa dakika kumi, kwa sababu mambo ya fremu anayajua.

Kanuni ya kushika kabla ya mengine: unabadilisha mpangilio wa maneno, mwendo wako na njia ya kuwasiliana. Ukweli wa nyumba haubadiliki. Kama barabara huteleza wakati wa masika, wote wanne wataambiwa.

KUMSOMA MTEJA KABLA YA KWENDA SAITI

Simu ya kwanza inatosha ukiuliza maswali matatu na kunyamaza baada ya kila moja.

"Ukifika kwenye nyumba, kitu gani utataka kukiona kwanza?" Mwenye haraka atajibu kwa neno moja au mawili: eneo, bei, parking. Mchangamfu atakueleza picha nzima, wageni watakaa wapi siku ya Idi. Mpole ataanza na watu: shule ya watoto, majirani, usalama. Mchunguzi atarudisha swali kwako.

"Ungependa uwe umehamia lini?" Hapa sikiliza tarehe. Mwenye tarehe kamili na mwenye "tukijaaliwa" hawahitaji mwendo mmoja.

"Mbali na wewe, nani angependa kuiona kabla hamjaamua?" Usiulize "nani mwenye hela". Swali la kwanza linampa heshima, la pili linamvunjia. Jibu lake litakusaidia kuliko aina yoyote ya tabia, na tutalirudia.

Malizia kwa kuuliza kama angependa kupigiwa au kuandikiwa, na saa ngapi ana nafasi. Kisha fuata alichosema.

Sasa kuhusu dalili za uongo. Vitabu vya mauzo vya ng'ambo vinasema anayeuliza bei mapema ni mtu wa haraka. Dar es Salaam kila mtu anauliza "mwisho bei gani?", hata ambaye hana mpango wa kununua mwaka huu. Hiyo si dalili ya chochote. Kuchelewa saa nzima pia si dalili. Aliyetoka Gongo la Mboto kuja Tegeta saa za foleni hana kosa. "Sawa" na kidole gumba kwenye WhatsApp havisemi kitu. Na usiseme mtu ni mpole kwa sababu anakusalimia vizuri, maana salamu ni malezi. Dalili zenye uzito ni zile zinazojirudia mara mbili au tatu: ameuliza hati simu zote tatu, amekatisha maelezo yako mara mbili, kila mkikutana amekuja na mtu mwingine.

Salamu zenyewe zina jambo. Vitabu hivyohivyo hufundisha kwamba mtu wa haraka uende naye moja kwa moja kwenye biashara. Hapa ukiruka "shikamoo" kwa mtu wa umri wa baba yako, mazungumzo yamekwisha kabla ya kuanza, awe na haraka kiasi gani. Kinachokatwa kwake ni porojo za baada ya salamu. "Shikamoo mzee, pole na kazi", akiitikia, ingia kwenye jambo.

NYUMBA ILEILE, UJUMBE MARA NNE

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba vitatu Goba, kimoja master, kiwanja mita za mraba 600, hati kwa jina la muuzaji, shilingi milioni 180. Ina maji ya DAWASA na simtanki la lita 5,000. Mita 400 za mwisho kutoka lami ni barabara ya udongo, na masika gari dogo linapata shida.

Kwa mwenye haraka: "Habari za asubuhi bosi. Goba, vyumba 3, kiwanja sqm 600, hati ya jina la muuzaji. Milioni 180, maongezi yapo kidogo. Mita 400 za mwisho ni udongo, masika gari dogo linasumbuka. Kuiona: leo saa 10 jioni au kesho saa 3 asubuhi?"

Mistari mitano, kasoro imo ndani, na mwisho kuna nafasi mbili za kuchagua. Tuma na alama ya ramani. Usimwekee picha kumi na mbili. Nne zinamtosha: mbele, sebule, jiko, barabara. Bei itaje kwa shilingi hata kama ni Masaki. Kanuni zilizotoka 2025 zinakataza kutangaza bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Kwa mchangamfu, mpigie au mtumie sauti isiyozidi dakika moja, kisha video ya kutembea ndani ya nyumba: "Dada, ile baraza uliyokuwa unaisema, nimeipata. Angalia hii video mpaka mwisho, kuna mwembe nyuma. Barabara ya kuingia ni udongo, usije na viatu vya kisigino! Jumamosi saa 4 tunaenda?" Baada ya hapo, mwandikie kwa maneno yale mliyokubaliana, yaani siku, saa, mahali pa kukutana na bei. Huyu hukubali upesi na kusahau upesi, na kwa nia njema kabisa. Shangwe yake getini isikufanye umwambie muuzaji kwamba nyumba imeuzika.

Kwa mpole: "Shikamoo mama. Habari za nyumbani? Ile nyumba ya Goba bado ipo. Mwenye nyumba amekubali mje hata mara mbili, na unaweza kuja na yeyote utakayependa. Shule ya msingi iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Jambo la kujua mapema: barabara ya kuingia ni udongo, masika ina utelezi. Nikupigie Alhamisi jioni nijue siku inayokufaa?" Lakini usiandike "amekubali mje mara mbili" kama hujamuuliza mwenye nyumba.

Kwa mchunguzi: "Habari. Nyumba ya Goba: kiwanja sqm 600, kimepimwa, bikoni nne (alama za mipaka) zipo. Hati ni ya miaka 99. Bei milioni 180. Maji DAWASA, simtanki lita 5,000. Barabara ya udongo mita 400, haipitiki vizuri masika kwa gari dogo. Nakala ya hati na ramani ya kiwanja zimeambatishwa. Ambacho sijathibitisha bado: kama kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu imelipwa. Nitakujibu Jumatano." Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazomvuta. Mtu anayekagua kila kitu humwamini anayekiri asichokijua kuliko anayejibu kila swali papo hapo. Nakala za hati zitume kwa ruhusa ya mwenye nyumba tu.

MPOLE NA "HAPANA" YA KISWAHILI

Hapa ndipo madalali wanapoumia zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

Mpole hatakwambia hapana. Atasema "tutaona", "nitakutafuta", "ngoja nizungumze na mzee nyumbani", "Mungu akipenda". Maneno hayohayo anayatumia akiwa kweli anafikiri. Tofauti utaipata kwenye kile kinachofuata. Anayefikiri huongeza kitu: atauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, au atataja siku. Aliyekataa hushukuru na kufunga. Ukishindwa kutofautisha, mpe mlango wa kutokea bila aibu: "Mama, hata ukisema hii haikufai sitaona vibaya, itanisaidia nikutafutie inayokufaa. Kati ya zile mbili, ipi tuiondoe?" Neno "tuiondoe" ni rahisi kwake kuliko "unaitaka?", kwa sababu kuondoa moja si kumkataa mtu.

Mwoneshe nyumba mbili, zikizidi sana tatu. Akipelekwa nane kwa siku moja atarudi nyumbani amechoka, na aliyechoka haamui. Mwache aje mara ya pili bila wewe kuongea. Mpitishe njia atakayoitumia kila siku: kutoka kituo cha daladala au cha mwendokasi kwa miguu, si kwa gari lako lenye kiyoyozi. Kama nyumba iko bondeni au karibu na mkondo wa mto, mwambie aje siku mvua imenyesha. Wakazi wa kandokando ya Msimbazi wanajua kwa nini.

Kitu cha kuepuka kabisa ni "wahi, kuna mtu kesho analeta hela". Kwa mwenye haraka maneno hayo, yakiwa ya kweli, ni taarifa tu. Kwa mpole ni tishio, naye hujibu tishio kwa kuzima simu. Kama kweli yupo mnunuzi mwingine, sema hivi: "Kuna familia nyingine imeiona juzi. Sikuharakishi, nimeona si vizuri usikie kwa mwingine."

MCHUNGUZI NA MAKARATASI

Kwa mchunguzi, nusu ya mawasiliano ni faili. Andaa kabla hajauliza: nakala ya hati, ramani ya kiwanja yenye namba na kitalu, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, na kama nyumba ni ya wanandoa, ridhaa ya mwenza. Hili la mwisho si hiari: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mchunguzi atauliza, na ukisema "hilo halina shida" umeshaharibu.

Yajue majina ya karatasi unazozishika. Ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati humpa mtu haki ya kuimiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi, inayotolewa kwenye maeneo yasiyopangwa, si hati. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa si hati pia. Kwenye ghorofa, hati ya sehemu ya jengo inatokana na sheria ya 2008. Dalali anayeziita zote "hati" hupoteza mchunguzi kwa neno hilo moja. Hali kadhalika vipimo: kiwanja cha "hatua 20 kwa 20" huko Chanika au Chamazi kinategemea miguu ya aliyepima. Chukua futikamba, andika mita.

Hesabu mpe jumla na vipande vyake. Bei ya kununua, ushuru wa stempu ambao ni karibu asilimia 1, ada ya wakili, udalali, na gharama za kuhamisha umiliki. Mweleze pia kwamba kodi ya faida ya mauzo kwa kawaida ni mzigo wa muuzaji, lakini mkataba useme nani analipa nini. Mshauri afanye upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Usiogope kwamba upekuzi utamchelewesha. Bila huo hatalipa kabisa.

Anaponyamaza baada ya kupata faili, anasoma. Usimpigie kesho yake kuuliza "vipi, tunalipia?" Mwandikie baada ya siku tatu: "Kuna kipengele ungependa nikifafanue?" Naye ana udhaifu wake, anaweza kuchunguza bila kikomo. Akirudi na swali lilelile kwa mara ya tatu, muulize: "Ukipata jibu la hili, limebaki jingine kabla ya kuamua?" Akisema hakuna, jibu kwa maandishi na upange siku ya kwenda kwa wakili.

ANAYEONGEA NA ANAYEAMUA

Aina za tabia zilibuniwa kwa mtu mmoja. Nyumba ya Dar es Salaam hununuliwa na watu watatu au wanne: mume, mke, mama mzazi, na kaka aliyeko ughaibuni anayetuma nusu ya fedha. Unaweza kumsoma vizuri anayeongea na bado ukakosa, kwa sababu anayeamua hajafika saiti.

Wakija mume na mke, mara nyingi mmoja anauliza bei na mwingine anafungua mabomba. Zungumza na wote wawili kwa macho. Anayefungua mabomba, mfungulie na la nje, mwoneshe mita ya LUKU na simtanki. Usimjibu mwanamume swali lililoulizwa na mwanamke. Hilo ni kosa la kila siku, na huwa linalipiwa jioni wakiwa ndani ya gari. Wakitofautiana mbele yako, toka nje upige simu dakika tano.

Aliye ughaibuni, hata kama kwa asili ni mchangamfu, kwenye ununuzi wa mbali huwa mchunguzi, kwa sababu anaogopa kuuziwa kiwanja hewa. Mtumie video moja isiyokatwa, kuanzia barabara ya lami mpaka getini, mpaka kwenye bikoni. Andika saa kwa saa zake na zako. Ndugu yake anayemwakilisha hapa mheshimu, mwite saiti, lakini bei na namba ya akaunti zitoke kwa maneno yaleyale kwenda kwa wote wawili, kwenye ujumbe mmoja. Bei ikitofautiana hata kwa laki moja, utaulizwa wewe.

Kwa upangaji wa chumba na sebule usijisumbue na haya yote. Uliza kitu kimoja: kipi hakivumiliki, choo cha kuchangia, LUKU ya kuchangia, au kodi ya miezi sita kwa mkupuo? Jibu hilo linatosha kumpatia chumba.

KWENYE BEI, NA WEWE MWENYEWE

Mwenye haraka akitoa ofa, jibu kwa namba, usijibu kwa hadithi ya shida za muuzaji. Mchangamfu hupenda kubembelezana. Mpe nafasi ya kushinda kitu kidogo, kama simtanki kubaki au feni kutong'olewa. Mpole huona aibu kuomba punguzo, halafu huondoka kimya kwa sababu bei ilimzidi, muulize wewe: "Bajeti mliyoipanga ni ngapi, nikaongee na mwenye nyumba?" Mchunguzi atakuja na bei za viwanja vya jirani. Usibishane nazo, kaa naye mzipange kwa ukubwa, upimaji na umbali kutoka lami.

Wewe nawe una aina yako, na hiyo ndiyo inayoharibu mara nyingi. Kazi hii huvuta wachangamfu, na mchangamfu hujaza ukimya kwa maneno. Mteja amesimama dirishani anafikiria kitanda kitakaa wapi, wewe unamsimulia gypsum. Saiti, ukishafungua mlango, mwache aingie vyumba viwili vya kwanza bila kusema neno. Dalali mwenye haraka, kwa upande wake, huwasukuma wapole mpaka wanabadili namba.

Kumbukumbu zako ziandike kwa matendo. "Aliuliza hati mara tatu, apigiwe baada ya saa 12 jioni, anakuja na dada yake" inafaa. "Msumbufu, mgumu wa hela" haifai, na haikusaidii wiki ijayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua unachokihifadhi kumhusu. Andika kitu ambacho mteja akikisoma hutatafuta pa kujificha, na usikirushe kwenye magrupu ya madalali pamoja na namba yake.

Makisio yako yakikosea, utaona haraka: majibu yanafupika, au anaanza kukuita "ndugu dalali" badala ya jina. Usiongeze nguvu kwenye njia ileile. Badili kitu kimoja tu kwanza, njia ya mawasiliano. Uliyekuwa unampigia, mwandikie, uliyekuwa unamwandikia aya ndefu, mtumie mistari mitatu: "Samahani kaka, naona nimekutumia maelezo mengi. Unachohitaji kukijua sasa ni kipi, bei, hati au siku ya kuiona?" Kisha subiri ajibu.